Tulivyoshuka na motahomu pwani ya Baja California, Mexico: njia, kambi, na kioo changu kilichobaki barabarani

Mtongoni (mtoa mada)

Wakuu habari za saa hizi. Kuna watu humu wamenifuata inbox mara nyingi kuhusu safari yetu ya Mexico mpaka nimeona bora niimwage sehemu moja, mwenye swali aulize hapa hapa wengine nao wafaidike.

Mimi ni mtu wa Tongoni, Tanga, naishi Tucson, Marekani, na bibie. Motahomu yetu, yaani gari lenye nyumba ndani, ni ya 2004, futi 28, tuliinunua kwa mzee mmoja aliyechoka kuendesha. Januari na Februari 2024 tukashuka nayo rasi ya Baja California, siyo peke yetu, tulikuwa magari matano. Sisi, mzee wa Kikanada na mkewe, mama mmoja wa Quebec mjane anaendesha mwenyewe kivan chake, Wajerumani wawili na lori lao la kijeshi walilogeuza nyumba, na jamaa wa California na mkewe ambao wazazi wao ni wa jimbo la Sinaloa huko Mexico kwa hiyo Kihispania ndio lugha yao. Hawa wote tulikutana kambini Arizona, hatukuwa tunajuana kabla.

Njia yenyewe ni moja tu, Mexico 1, inatoka Tijuana mpaka Cabo San Lucas, kilomita 1,711. Ilikamilika kuwekwa lami 1973, kabla ya hapo ilikuwa vumbi na mawe watu wanakata axle jangwani. Ukiangalia ramani unaweza kudhani ni barabara kuu kama za Marekani, sivyo kabisa. Sehemu nyingi ni njia mbili nyembamba, mabega hakuna, lami ikiisha pembeni kuna shimo la nusu mita, na wewe gari lako lina upana wa mita 2.6 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Hilo la vioo nalirudia baadaye maana ndipo lilipotukuta.

Tulivukia Tecate siyo Tijuana, foleni ndogo na hakuna lile vurugu la mji mkubwa. Pale mpakani simameni wenyewe mkachukue kadi ya utalii, afisa anaweza kukupungia mkono upite ukadhani umemaliza, kumbe huna karatasi yoyote ndani ya nchi ya watu. Wanatoa mpaka siku 180. Kutoka Tecate unashuka na Mexico 3 katikati ya mashamba ya zabibu ya Valle de Guadalupe unatokea Ensenada.

Naendelea baadaye, niko kazini.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu uzi mzuri lakini tuwe wakweli, hiyo Mexico Marekani wenyewe wanawaambia raia wao wasiende. Na hapo hapo Ensenada mwaka huo huo 2024, mwezi wa nne, si waliuawa wale vijana watatu wa kuteleza na mawimbi, Waaustralia wawili na Mmarekani, wakiwa kambini? Usije ukawapeleka watu wakapotea.

Dada wa Kilindoni

Mi nakaa hapa nasubiri muendelezo. Mtongoni usisahau kutuambia kama mlikutana na papa potwe, nasikia La Paz wapo kama huku kwetu Mafia.

Utingo Mstaafu

Njia mbili nyembamba na malori... hiyo ni mlima Kitonga wa Iringa kabisa. Nimepanda Dar Tunduma miaka 19, nasubiri kusikia hicho kioo.

Mtongoni

Kisiki, swali lako ni la haki na sitalipita juu juu. Wale vijana waliuawa kweli, sisi tulikuwa tumesharudi karibu miezi miwili, na habari ilivyotoka bibie hakula siku ile kwa sababu wana wa watu wale hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa wamepiga kambi sehemu ya pekee juu ya bahari kusini ya Ensenada na waliowavamia walitaka gari lao. Ndiyo maana sisi upande ule wa Pasifiki kaskazini hatukulala ufukweni hata usiku mmoja, tulilala kwenye kambi za kulipia zenye geti na mlinzi, basi.

Ila usichanganye Mexico yote kapu moja. Tahadhari za Marekani zinatolewa jimbo kwa jimbo. Wakati tunaondoka, Baja California ya kaskazini ilikuwa kundi la tatu, Baja California Sur kundi la pili sawa na baadhi ya nchi za Ulaya, na Sinaloa, Colima, Michoacán na Guerrero zilikuwa kundi la nne, usiende. Sisi tuliishia rasini tu, hatukuvuka na feri kwenda Mazatlán, huko Sinaloa, ingawa ipo kila wiki kutoka Pichilingue, bandari ya La Paz. Jamaa wa California mwenyewe ana ndugu Sinaloa na alisema mwaka huu hapana.

Na sheria moja tuliyoshika kuliko zote: saa kumi jioni gari limezimwa. Usiku usiendeshe. Wezi siyo sababu kubwa hata, ng'ombe ndiyo sababu. Ng'ombe wanaachiwa wazi jangwani, usiku lami inabaki na joto na wao wanakuja kulala juu yake, ng'ombe mweusi barabara nyeusi.

Kisiki cha Mpingo

Hapo umenijibu vizuri. Endelea.

Mtongoni

Haya sasa hicho kioo.

Siku ya tatu tuliondoka El Rosario asubuhi. Hapo ndipo unajaza mafuta mpaka tangi liteme, maana kutoka hapo mpaka karibu na Guerrero Negro ni zaidi ya kilomita 300 bila sheli, labda wale jamaa wa Cataviña wanaouza kwenye mapipa na dumu pembeni ya barabara. Na nchi inabadilika ghafla, mapungate marefu kama nguzo za umeme, mawe makubwa kama nyumba yamelundikana, na mti mmoja unaitwa cirio umenyooka kama karoti iliyopinduliwa, sijapata kuona kitu kama hicho.

Tulikuwa magari matano tumegandana. Ndivyo tulivyokuwa tunadhani msafara unavyokwenda, kila mtu amshike wa mbele asipotee, kati ya gari na gari hata urefu wa basi haupo. Mimi nilikuwa wa tatu. Likaja semi nyuma, limebeba mzigo, lina haraka zake. Likampita Mjerumani wa mwisho, likampita mama wa Quebec, likaanza kunipita mimi, na mbele kwenye kilima kikatokea kipikapu kinakuja. Dereva alikuwa na nafasi moja tu, kuingia kati yangu na Mkanada, na hiyo nafasi haikuwepo kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeiziba. Niliona ukuta wa treila unakuja dirishani kwangu polepole hivi, kama mlango unafungwa. Nikakanyaga breki, nikalalia kulia mpaka nikahisi tairi linatafuna ukingo wa lami, nikasikia pah! moja. Lori likaingia, kipikapu kikapita, kila mtu akaendelea na safari yake. Mkono wangu wa kioo cha kushoto ulikuwa umekunjika nyuma na kioo chenyewe kiko barabarani vipande vipande. Bibie alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili anasoma Ayatul Kursi.

Yule dereva sikumlaumu na simlaumu mpaka leo. Tungeacha nafasi angeingia kwa raha zake.

Utingo Mstaafu

Mkuu umeongea kitu ambacho madereva wa magari madogo hawakielewi mpaka wafe. Lori lenye mzigo likishaanza kupita haliwezi kurudi nyuma, halina breki ya kurudi nyuma mtu ana tani 30. Msafara wa harusi kule kwetu unasababisha ajali kwa hiyo hiyo kugandana. Acha nafasi lori liingie, hata likiingia litatoka.

Swali: huko wanapeana indiketa? Maana kwetu lori la mbele likiwasha kushoto anakuambia pita kuko safi, akiwasha kulia ujue kuna gari linakuja tulia.

Mtongoni

Utingo, wanapeana, na hapo ndipo penye mtego. Kule wanaendesha kulia, lori la mbele likitaka upite linawasha indiketa ya kushoto. Lakini kushoto ndiyo huko huko anakokata kona akitaka kuingia shambani au kwenye mgahawa. Kwa hiyo kushoto inaweza kuwa "pita" au inaweza kuwa "nakata", na ukikosea unamkuta katikati. Sisi tulikubaliana hatumpiti mtu kwa indiketa yake, unapita kwa macho yako. Na wewe mwenyewe mwenye motahomu ukitaka kukata kushoto usiwashe mapema halafu ukapunguza mwendo, wa nyuma atadhani umemruhusu. Bora upite mbele, utafute pa kugeuzia, urudi.

Sasa baada ya lile tukio tulisimama Cataviña tukalala pale. Jioni tukakaa kwenye viti tukazungumza, na kwa kweli ilikuwa mazungumzo mazito maana mke wa Mkanada alikuwa analia anataka kurudi. Mama wa Quebec ndiye aliyesema neno, alisema msafara ni wa kambini, barabarani kila mtu na mwenzie mmoja. Kuanzia kesho yake tukaenda wawili wawili, na kwa kuwa tulikuwa magari matano kundi moja likawa la watatu, jozi moja inatoka, dakika 15 nyingine inafuata, tunaonana kambini jioni. Na hao wawili wenyewe wanaachana umbali ambao lori mbili zinaingia katikati bila kugusana. Hiyo ndiyo sababu kubwa nimeanzisha huu uzi kwa kweli, watu wengi wanadhani kwenda kwa kundi ni kufuatana mkia.

Mimi nikapangwa na yeye mama wa Quebec. Mkanada alikuwa na kioo kidogo cha mviringo cha akiba tukakifunga kwa gundi ya karatasi lakini kilikuwa kinaonyesha anga tu. Kwa hiyo kilomita zote za kwenda Guerrero Negro mama yule alikaa nyuma yangu na redio ya mkononi, akawa ndiye kioo changu. "Lori nyuma, lina haraka." "Sasa linaanza." "Limefika kwako." "Limekupita, safi." Miaka 73 ana, sauti imetulia kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilikuwa namuitikia "ndiyo mama" kwa Kiswahili bila kujijua na yeye akaanza kusema "ndiyo mama" kila akimaliza, mpaka leo akinipigia anaanza hivyo hivyo.

Dada wa Kilindoni

Huyo mama Mungu amuweke. Nimesoma hapa nikamkumbuka bibi yangu.

MkenyaBaridi

Sasa wadau, mimi niko Calgary ila kwetu ni Kilifi. Hapa Canada wazee wanashukanga huko kila baridi ikianza, wanarudi Aprili. Mimi niliwahi kuenda na wao miaka ya nyuma, lakini sisi tulienda upande wa bara, tukashuka na barabara ya 15 kupitia Nogales mpaka Tepic halafu barabara ya 200 inayoshikana na bahari. Wakati huo ilikuwa salama kiasi, sasa hivi singeenda hiyo side na familia.

Lakini wacha niwaambie kitu kimoja sitawahi sahau. Tulifika Colima, karibu na Manzanillo, nikaona mzee amebeba kibuyu na nyuma yake kuna minazi ina vidato vimekatwa kwa shina vya kupandia. Nikaambia dereva simama. Kuuliza, wanasema inaitwa tuba. Kuonja, ni mnazi! Mnazi mtamu wa asubuhi ule haujakaa! Wao wanatia karanga na vipande vya matunda. Mimi nikasimama hapo na hicho kikombe machozi yakanilenga, miaka nane sikuwa nimefika nyumbani. Historia yake ni ya kweli, minazi na ufundi wa kugema ililetwa na Wafilipino waliokuja na zile merikebu za Wahispania za Manila kwenda Acapulco, zilisafiri kutoka 1565 mpaka 1815.

Na ukiendelea kusini kuna Costa Chica, Guerrero na Oaxaca, mji unaitwa Cuajinicuilapa, watu weusi kama sisi kizazi baada ya kizazi, na wana makumbusho yao. Walikuja kuhesabiwa kwa jina lao kwa sensa ya 2020, zaidi ya milioni mbili na nusu nchi nzima. Hilo jimbo lenyewe limeitwa kwa Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa 1829, naye damu yake ilikuwa na Afrika ndani.

Mwana Muscat

Ahsanteni kwa faida. Hilo la mnazi limenigusa. Mtongoni, mitende iko huko? Niliona picha ya San Ignacio nikadhani ni Oman.

Mtongoni

MkenyaBaridi hiyo hadithi yako ingestahili uzi wake. Nimemsomea bibie akaniambia tuba hatunywi ila tungeenda tukaione minazi.

Mwana Muscat, mitende iko tele. San Ignacio na Mulegé ni chemchemi katikati ya jangwa, mapadri Wajesuiti walipanda mitende karne ya 18 ikakubali, sasa imekuwa msitu kabisa. Unatoka kwenye mawe makavu saa tatu nzima halafu ghafla maji, bata, na mitende imeinama juu ya mto. Tende zao ndogo na zimekauka kidogo, usitegemee khalas, zile tende laini za Uarabuni.

Guerrero Negro sasa. Hapo ndio mpaka wa majimbo mawili kwenye nyuzi 28, miezi ya baridi saa inasogea mbele saa moja, na kuna kizuizi wanapuliza dawa matairi na kuchukua matunda yako, machungwa na ndimu hasa. Wanajeshi nao wana vizuizi vyao njiani, vijana wadogo wana adabu, wanauliza unatoka wapi unakwenda wapi, wanafungua kabati mbili tatu, wanashukuru. Vua miwani, zima redio, wasalimie. NA WALE MNAOKAA MAREKANI MNAOMILIKI SILAHA, msivuke nayo, hata risasi moja iliyosahaulika kwenye droo ni jela. Pekua gari lote kabla ya mpaka.

Mji wenyewe unaishi kwa chumvi, mashamba yao ya chumvi ni makubwa kuliko yote duniani. Fundi mmoja wa matairi pale alinipimia kioo kwa kamba, akakata kioo cha kawaida, akakisugua kingo kwa jiwe asinikate, akakibandika kwa silikoni, akauchapa ule mkono kwa nyundo ya mpira mpaka ukakaa. Halafu kabla sijalipa akazunguka gari lote bila kuambiwa, akapiga tairi la ndani la nyuma kwa rungu, akasikiliza, akaleta kopo la maji ya sabuni akamwagia kwenye valvu. Mapovu madogo madogo yakaanza kutoka. Lilikuwa linavuja, na lingepasuka kwenye mteremko wa Cuesta del Infierno ambao maana yake ni mteremko wa jehanamu, na jina halijakosea. Alidai pesa ya kioo tu, ya valvu akakataa.

Dada wa Kilindoni

Mafundi wa kweli wako kila nchi. Haya nyangumi je?

Mtongoni

Nyangumi dada yangu.

Hapo Guerrero Negro kuna ghuba iliyojifunga inaitwa Ojo de Liebre, na chini yake Laguna San Ignacio, zote ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1993. Nyangumi wa kijivu wanatoka kule juu Alaska na Urusi wanashuka kilomita 8,000 na zaidi kuja kuzalia humo, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Maji ya humo ni ya vuguvugu na chumvi nyingi, mtoto anaelea kwa urahisi.

Mnatoka na mashua za wavuvi, na mashua zenyewe wanaziita panga! Kila nahodha akisema panga bibie anageuka kuangalia. Hatukai nusu saa, mama mtu akaja na mwanawe ubavuni, akapita chini ya mashua nzima, ni mrefu kuliko mashua mara mbili, angeweza kutupindua kwa mgongo tu. Hakufanya hivyo. Akatokea upande wa pili, akamsukuma mtoto kwa kidevu juu ya maji, kama mama anavyomsogeza mtoto asalimie wageni. Niliweka mkono. Ngozi imeteleza kama yai la kuchemsha lililomenywa, baridi, halafu hapa na pale yale magamba makali yanayogandaga chini ya ngalawa. Na jicho, jicho liko chini kabisa karibu na pembe ya mdomo, linakuangalia. Bibie alilia na Mjerumani mkubwa kama mlango naye alilia.

Zamani wawindaji waliwaua humo humo kwenye ghuba mpaka wakakaribia kwisha, na wavuvi walikuwa wanawaogopa, walikuwa wakiona nyangumi wanapiga ubavu wa mashua kuwafukuza. Mpaka 1972 mvuvi mmoja wa San Ignacio, Pachico Mayoral, nyangumi akamjia karibu na akamgusa. Kuanzia hapo ndio mambo yakabadilika.

Papa potwe wapo La Paz kweli, ghuba iko mbele ya mji kabisa, majira yao karibu yanalingana na ya Mafia. Sisi siku tuliyofika upepo ulikuwa mkali bandari imefungwa, hatukuwaona.

Dada wa Kilindoni

Sawa, karibuni Kilindoni basi muwaone hapa, kuanzia Oktoba.

MkenyaBaridi

Ule upepo wa kaskazini wazee wangu Wakanada waliuogopa sana, wanauita El Norte, unavuma siku tatu mfululizo mchanga unaingia mpaka kwa chai.

Mtongoni

Huo huo. Ni kaskazi kabisa, miezi ile ile. Ukifika ufukweni angalia miti imelalia wapi ndipo upange gari.

Sasa nije mahali nilipopenda kuliko pote, Bahía Concepción, kusini ya Mulegé. Ni ghuba ndani ya ghuba, maji yametulia kama ya bwawa, rangi ya kijani. Kuna fukwe zimepangana, Santispac, El Burro, El Coyote, Requesón. Unashuka na gari mpaka mchangani, wakati ule tulilipa peso 250 kwa usiku kwa mzee anayepita jioni, hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, choo cha shimo. Tulisema siku mbili tukakaa siku 11.

Maisha yake sasa. Asubuhi ndege wale mwari wanapiga mbizi pwaa pwaa mbele ya mlango. Saa mbili anapita jamaa na pikapu ya maji na mkewe na tortila (chapati zao), kamba, na tamale za unga wa mahindi. Requesón kuna fungu la mchanga linaunganisha ufukwe na kisiwa, maji yakipwa unavuka kwa miguu, yakijaa linazama. Wenzetu wengi hawakujua kusoma maji, wanauliza simu, na mtandao haupo. Mimi nikiangalia mwezi nikawaambia keshokutwa bamvua, sogezeni magari nyuma. Wakasogeza wote isipokuwa kundi moja la jirani ambalo halikuwa letu, na alfajiri tukaenda wote na koleo kuwachimbua.

Kila jioni chakula kinaliwa pamoja, kila gari linaleta chungu. Bibie alipika makande ya nazi, nazi ya kopo tuliyobeba Tucson, sufuria ikafutwa kwa tortila mpaka ikang'aa. Waislamu wenzangu hapa sikilizeni: tortila za unga wa ngano za kaskazini ya Mexico zinafanana na chapati ukasahau, lakini nyingi zinatiwa mafuta ya nguruwe, wanayaita manteca. Maharage ya kupondwa pia. Uliza kila mara kabla hujala. Za mahindi kwa kawaida hazina. Sisi tulikula za mahindi na samaki miezi miwili na hatukukosa kitu.

Na usiku ukikoroga maji na kasia yanawaka. Ni mng'ao ule ule wa bahari wa utotoni Tongoni tulipokuwa tunakwenda kutega na taa ya karabai. Nilikaa kwenye kayaki ya Mkanada nikachovya mkono tu, nikatoa, nikachovya.

Utingo Mstaafu

Mkuu nataka mambo ya gharama na karatasi sasa, nina mdogo wangu Houston kashapata wazimu kwa huu uzi.

Mtongoni

Haraka haraka. Pasi ya Tanzania na green card ya Marekani hai, huhitaji viza ya Mexico. Bima ya Marekani haihesabiki kule, nunua ya Mexico kabla ya kuvuka, ukigonga bila bima unaweza kushikiliwa mpaka ijulikane nani mwenye kosa. Rasini gari halihitaji kibali cha kuingiza, lakini ukitaka kupanda feri kwenda bara unakihitaji, na cha motahomu wanakupa cha miaka 10. Gari likikufia barabarani piga 078, wanaitwa Ángeles Verdes, malaika wa kijani, pikapu za serikali zinazunguka barabara kuu kusaidia bure, unalipia spea na mafuta tu. Sheli angalia pampu inaanzia sifuri, toka nje ya gari simama pale. Umeme wa kambini pima kwanza kabla hujachomeka, tulikuta soketi nyaya zimegeuzwa na sehemu nyingine umeme umeshuka mpaka friji inaguna. Sola kwetu ilitosha, jenereta tuliwasha mara nne. Tangi la choo linamwagwa kwenye kambi zenye shimo lake, USIMWAGE JANGWANI, nimeona watu wanafanya na iliniuma. Na matuta ya mijini hayana alama, ukiona nyumba mbili tatu punguza mwendo, sufuria zetu zilishuka kabatini Santa Rosalía mbele ya kanisa lao la chuma.

Mwana Muscat

Mtarudi tena?

Mtongoni

Tunarudi Novemba hii inshallah, vimbunga vikishapungua. Mke wa Mkanada yule aliyekuwa analia Cataviña ndiye aliyepiga simu wa kwanza. Tutakuwa jozi mbili, nafasi ya jozi ya tatu ipo. Mdogo wake Utingo kama yuko tayari aje inbox, ila akubali mambo mawili: saa kumi jioni gari linazimwa, na barabarani ananiachia nafasi lori liingie.

Mama wa Quebec tutakutana naye Tecate. Jana kaniuliza kama nimeshanunua kioo kipya, nikamwambia hapana, kile cha fundi wa Guerrero Negro bado kipo na hakijatikisika. Akasema sawa, lakini yeye bado anakaa nyuma yangu na redio.